Isolette moja na mizoga miwili: uchambuzi wa lenzi iliyochanganywa

Usuli

Kamera ya kisa hiki ni Agfa Isolette II, kamera ya kukunja iliyotengenezwa Munich, Ujerumani, katika miaka ya 1950. Inatumia filamu ya 120, ambayo Kodak waliitoa mwaka 1901 na ambayo bado inatengenezwa hadi leo, na kwa mkanda mmoja inatoa picha 12 za mraba za sentimita 6 kwa 6. Ikifungwa inaingia mfuko wa koti. Ukibonyeza kitufe, mlango unafunguka, mikono ya chuma inasukuma mbele kibao kilichobeba shata (kifaa kinachofungua na kufunga njia ya nuru) na lenzi, na mvukuto unakunjuka nyuma yake ukiziba nuru pande zote. Haina betri wala waya. Kila ugonjwa wake unaonekana kwa macho au unapimika kwa kalipa (rula yenye taya za kupimia milimita), na ndiyo maana napenda kufundishia kamera za aina hii.

Mwenyewe ni mama anayeendesha studio ndogo katika mji wa pwani. Jina, mji na habari za familia nimeviondoa. Riziki yake inatokana na picha za pasipoti, mahafali na harusi, zote za kidijitali. Kwenye kabati la studio alikuta kamera tatu za kukunja zilizoachwa na waliomtangulia katika biashara ile, akataka moja ifanye kazi ili awapige wateja picha za nyeusi na nyeupe, za kuanzia kiunoni kwenda juu. Pambo la rafuni hakulitaka. Haja hiyo ndiyo iliyoongoza maamuzi yote yanayofuata: kamera ilitakiwa itoe picha kali kwenye umbali wa mita moja na nusu hivi, mikononi mwa mtu aliye kazini.

Ya kwanza kati ya hizo tatu ndiyo hiyo Isolette II, yenye lenzi ya Apotar ya mm 85, f/4.5 (namba ya f ni kipimo cha uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa), ndani ya shata ya Prontor-S. Mwili wake ulikuwa mzima. Ya pili ilikuwa Isolette III yenye lenzi bora kuliko zote, Solinar ya mm 75, f/3.5, ndani ya shata ya Synchro-Compur. Hii ilikuwa imeanguka: mlango umepinda, mkono mmoja umepinda nao, na kioo cha kipima umbali kimevunjika. Ya tatu ilikuwa Zeiss Ikon Nettar yenye lenzi ya Novar ya mm 75, shata yake imeliwa na kutu ya hewa ya bahari na kuvu imeshachora kingo za vioo. Hizi mbili ndizo mizoga, zilizotazamiwa kuchinjwa spea.

Isolette II ilikuwa imeshapita kwa fundi mwingine. Ilifanya kazi, kwa maana ya kwamba kila kitu kilizunguka na kubofyeka. Tatizo lilikuwa picha. “Fundi,” mama aliniambia, “zote zinatoka kama zimepigwa kwenye moshi. Nimebadilisha filamu, nimebadilisha dawa, hali ni ile ile.” Alikuja na negativu zake, pamoja na kopo la filamu lenye vipande ambavyo fundi wa kwanza alimrudishia. Kopo hilo ndilo lililookoa kamera.

Negativu zilisema nini

Kabla ya kushika bisibisi tulikaa na negativu juu ya meza ya taa. Picha isiyo kali ina sababu chache, na kila sababu inaacha alama yake.

Fokasi ikiwa imewekwa vibaya, kitu fulani ndani ya picha kitakuwa kikali, ila siyo kile ulichokikusudia: utaona sikio limetoka vizuri na macho hayajatoka, au ukuta wa nyuma umeshinda uso. Kibao cha mbele kikiwa kimelala upande, nusu moja ya picha itakuwa kali na nusu nyingine laini, na itakuwa hivyo picha baada ya picha, upande ule ule. Mkono ukitikisika, kila nukta angavu inavutwa kuwa mstari, na mistari yote inaelekea njia moja. Kuvu au mafuta juu ya kioo hupunguza weusi wa picha nzima, lakini mipaka ya vitu huendelea kuonekana.

Negativu za mama hazikufanana na lolote kati ya hayo. Nilimwomba atafute ile aliyopiga uzio wa shule kwa pembeni, nguzo ya karibu ikiwa mita mbili na ya mwisho ikiwa mbali. Hapakuwa na nguzo hata moja iliyokuwa kali. Kila chenye mwanga, kola nyeupe au bati la paa, kilizungukwa na wingu jepesi. Lenzi ambayo haina umbali wowote inaouona vizuri haina tatizo la fokasi. Vioo vyake havielewani.

Jambo la pili lilikuwa michirizi ya nuru kwenye pembe za picha, ishara ya mvukuto uliotoboka. Hilo nilikuwa nalitegemea. Mvukuto wa Isolette za baada ya vita ulitengenezwa kwa kitambaa kilichopakwa plastiki, na baada ya miongo hii yote karibu kila mmoja umepasuka kwenye kona za mikunjo.

Mezani

Apotar ni lenzi ya vioo vitatu: cha mbele, cha kati na cha nyuma. Fokasi inafanywa kwa kuzungusha kioo cha mbele peke yake. Kinapanda na kushuka kwenye nyuzi za skrubu zilizochongwa ndani ya fremu ya kioo cha kati. Kati ya fremu hizo mbili Agfa walitia grisi ambayo kwa umri inageuka kuwa nta ya kijani, ngumu kuliko gundi. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu anazungusha ringi ya fokasi kwa nguvu, anaona inasogea, anafurahi. Kumbe kioo cha mbele na cha kati vimegandana na vinajifungua pamoja kutoka kwenye shata.

Nilitoa ringi ya fokasi na kusoma jina lililoandikwa kuzunguka kioo cha mbele: Agnar. Agnar nayo ni lenzi ya vioo vitatu ya mm 85, f/4.5, ya kampuni ile ile, iliyofungwa kwenye Isolette za bei nafuu. Kioo cha kati nacho kilitoka humo. Cha nyuma kilikuwa bado cha Apotar. Ndani ya kopo la filamu kulikuwa na vioo vya mbele na vya kati vya Apotar, vimeshikamana kuwa kitu kimoja, na juu ya shaba kuna mikwaruzo ya koleo. Fundi wa kwanza alishindwa kuvitenganisha, akachukua vioo viwili kutoka mzoga mwingine vilivyoingia kwenye nyuzi zile zile, akafunga.

Naelewa kwa nini alifanya hivyo. Vipimo vilivyoandikwa vinafanana na nyuzi zinakubali. Ila lenzi ya vioo vitatu inasimama kwa mapatano: kioo cha mbele kinakusanya nuru, cha kati kinaitawanya, cha nyuma kinaikusanya tena, na kasoro ya kila kimoja imepimwa ili ifutwe na kasoro ya mwenzake. Mchongo wa vioo na nafasi kati yao vimekokotolewa kwa pamoja. Ukimleta mgeni, kasoro zinabaki bila wa kuzifuta, na ndilo lile wingu kwenye kola nyeupe. Binafsi sichanganyi vioo hata vya lenzi mbili za jina moja, kwa sababu viwandani seti ililinganishwa kama seti.

Njia tatu zilizokuwepo

Mama alikuwa na wazo lake, na lilikuwa wazo la mtu anayejua picha. Solinar ina vioo vinne na inafunguka hadi f/3.5. Kwa nini tusitoe shata na lenzi ya kamera iliyoanguka, tukaifunga yote kama ilivyo kwenye mwili mzima? Seti isingevunjwa, na mashata yote mawili yalikuwa ya ukubwa unaokaribiana. Tundu la kibao lingeipokea kwa kazi ndogo.

Nilimjibu kwa karatasi na kalamu. Lenzi ya mm 75 ikitazama mbali kabisa inataka kukaa mm 75 hivi kutoka kwenye filamu. Mikono ya kamera yake iliundwa kuisimamisha lenzi ya mm 85. Tofauti ni mm 10, na kwa macho ni kitu kidogo. Sasa uiulize hesabu ya lenzi: yenye mm 75, ikiwa imesimama mm 85 kutoka kwenye filamu, inaona vizuri kitu kilicho umbali gani? Zidisha 75 kwa 85, gawanya kwa 10: unapata mm 637, yaani sentimita 64. Kamera hiyo ingepiga pua ya mteja, na kila kilicho nyuma ya pua kingepotea. Ringi ya fokasi isingeokoa, maana kazi yake ni kuleta fokasi karibu zaidi.

Njia ya pili ilikuwa kunyoosha mwili wa Isolette III na kuiacha Solinar kwake. Nilipima kwa kalipa kutoka reli za filamu hadi pembe nne za kibao cha mbele. Pembe moja ilikuwa nyuma ya wenzake kwa karibu mm 2. Linganisha na kinachoruhusiwa: kwa picha ya ukubwa huu, ukikubali nukta itanuke hadi kuwa doa la mm 0.05 kwenye negativu, lenzi iliyofunguliwa f/4.5 inavumilia kosa la karibu mm 0.2 kila upande, na kwa f/3.5 ni pungufu ya hapo. Mikono imefungwa kwa ribiti na imetengenezwa kwa bamba jembamba. Ukiinyoosha kwa koleo unaweza kuurudisha upande mmoja huku ukiuharibu mwingine. Kazi hiyo inawezekana penye karakana yenye vifaa vya kupimia na mikono mingine ya kubadilishia. Kwetu havikuwepo.

Njia ya tatu ndiyo tuliyoichagua: kuitenganisha Apotar yake mwenyewe, kuirudisha nyumbani, na kutumia mizoga kwa vitu vidogo ambavyo havigusi njia ya nuru. Mama hakuficha kwamba kuikosa f/3.5 kunamuuma. Alikubali hesabu.

Kutenganisha vioo vilivyogandana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo lenzi nyingi za Agfa zinapouawa.

Kwanza, joto. Kioo cha mbele na cha kati cha Apotar kila kimoja ni kioo kimoja, hakuna vilivyobandikwa pamoja, kwa hiyo joto la drayer ya nywele haliwezi kuyeyusha gundi ambayo haipo. Solinar ni tofauti: sehemu yake ya nyuma ina vioo viwili vilivyobandikwa, na hiyo lazima ifunguliwe na kuwekwa kando kabla ya joto kufika karibu.

Pili, kiyeyushi. Nilitia matone ya petroli nyeupe ya viberiti kwenye mshono, nikaiacha iingie usiku, nikarudia. Joto na petroli haviwekwi pamoja hata kwa dakika moja: petroli ikauke kabisa, chupa itoke chumbani, ndipo drayer iwashwe. Nta ya kijani inalainika kidogo kwa petroli na kidogo kwa joto, ukivipokezana. Anayeharakisha anaishia kwenye mikwaruzo ya koleo.

Tatu, mshiko. Fremu hizi ni za shaba nyembamba. Ukizibana kwa nguvu zinakuwa duaradufu na nyuzi zinajifunga zaidi. Nilizungushia kila fremu ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikashika kwa viganja kwanza, baadaye kwa koleo mbili zenye meno yaliyofunikwa ngozi, nikisukuma taratibu mbele na nyuma badala ya upande mmoja. Kabla ya hapo nilichora mstari mwembamba kuvuka fremu zote mbili. Zilipoachia, nilizungusha polepole hadi zikatengana na kuweka alama nyingine mahali hasa zilipotengana. Nyuzi hizi mara nyingi zina mwanzo zaidi ya mmoja. Ukiingilia mwanzo usio wake, kioo kitazunguka vizuri kabisa na fokasi ya mbali hutaipata kamwe.

Nta iliyobaki ilitoka kwa pamba na petroli, na palipokaidi nilitumia asetoni, kwenye shaba tu. Asetoni inakula rangi nyeusi ya kingo za vioo na rangi ya namba zilizochongwa. Grisi mpya ilikuwa nyepesi na kidogo sana. Grisi ya beringi za magari siipendekezi, maana kwa joto la pwani mafuta yake yanajitenga, yanatambaa, na mwisho wake ni kwenye mabawa ya shata.

Mvukuto

Chumba kikatiwa giza, tochi ndogo ikaingizwa nyuma ya kamera, na kona za mvukuto zikaonyesha vitundu vya nuru kila mkunjo. Fundi wa kwanza alivipaka rangi nene nyeusi. Rangi ilikuwa imepasuka palepale inapokunjwa, na unene wake ulizuia mlango kufunga sawasawa. Mama alipendekeza tuhamishe mvukuto wa Isolette III. Tukauwekea tochi nao: vitundu vile vile, mahali pale pale. Nyenzo ni ile ile, umri ni ule ule. Mvukuto wa Nettar ulikuwa mzima, lakini fremu yake ya nyuma ina vipimo vingine na ungehitaji kukatwa na kubandikwa upya, jambo ambalo lingeuharibu bila kuhakikisha unaziba.

Tukatengeneza mpya. Shata ilitolewa kwa kufungua ringi iliyo ndani, kioo cha nyuma kikiwa kimetangulia kutoka. Mvukuto wa zamani ukabanduliwa polepole, ukafunguliwa mshono na kulazwa juu ya karatasi ukawa ramani ya mikunjo. Jaribio la kwanza lilikuwa la ngozi ya fundi viatu iliyopunguzwa kwa kisu, yenye mbavu za manila. Lilikuwa zuri kutazama na halikufunga. Hesabu inaeleza: mikunjo 10 ni kuta 20, kila ukuta ukiwa na mm 0.6, rundo ni mm 12 kabla hujahesabu kona, ambako tabaka zinaongezeka maradufu. Nyuma ya kibao hapakuwa na nafasi hiyo.

Jaribio la pili lilikuwa kitambaa chembamba cheusi cha bitana ya mikoba kwa nje, kitambaa cha pazia kisichopitisha nuru kwa ndani, na kati yao mbavu za karatasi nyembamba zilizokatwa zikiacha mwanya wa milimita moja kwenye kila mkunjo. Huo ulikubali. Gundi ilikuwa ya viatu, iliyopakwa kidogo kwa brashi, na mvukuto ukaachwa ukauke hadi harufu iishe kabla lenzi haijarudi. Mvuke wa gundi hiyo ukitua kwenye kioo unaacha utando.

Shata, fokasi na vitu vya kuchinja

Prontor-S ilihitaji kuoshwa tu. Kasi zake ndefu zinaongozwa na gia ndogo, na grisi kavu kwenye gia hizo ndiyo inayofanya sekunde moja iwe tatu. Baada ya kuosha tulirekodi sauti kwa simu na kupima nafasi kati ya mlio wa kufungua na wa kufunga. Kwa kasi ndefu sauti inatosha. Kwa kasi ya 1/25 ya sekunde tulitumia video ya fremu 240 kwa sekunde, ambapo shata iliyo sawa inaonekana wazi kwa fremu 10 hivi. Mabawa ya shata hayatiwi mafuta, hata tone.

Kwa fokasi tulihitaji kioo kilichosagwa, tukakisaga wenyewe kwa dawa ya kusagia valvu kutoka gereji. Kioo kinalazwa kwenye reli za ndani, zile ambazo filamu inapita juu yake, upande uliosagwa ukitazama lenzi. Shata inashikiliwa wazi kwa B (mpangilio unaoiacha wazi muda wote kitufe kinapobonyezwa), kamera inaelekezwa mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja, na kioo cha mbele kinazungushwa hadi vyuma vya mnara viwe vikali. Hapo tu ndipo ringi ya fokasi inafungwa alama ya mbali kabisa ikiwa kwenye mshale. Kikuzio kilikuwa lenzi ya Nettar: mm 75 mbele ya jicho inakuza zaidi kidogo ya mara 3, na kuvu iko kingoni haisumbui.

Isolette III ilitoa skrubu tatu ndogo zinazoshika ringi ya fokasi, ambazo fundi wa kwanza alizipoteza, pamoja na springi ya kufuli la mlango. Nettar, mbali na lenzi hiyo, ilitoa kipande cha plastiki nyekundu. Hakuna zaidi kilichochinjwa.

Mabadiliko mawili

Kidirisha chekundu cha kusomea namba kilikuwa kimefifia na kifuniko chake hakikuwepo. Vidirisha hivi vilibuniwa wakati filamu za kawaida zilikuwa hazioni rangi nyekundu. Filamu za leo zinaiona. Tuliweka ile plastiki mpya, na juu yake ulimi wa kitambaa cheusi unaoinuliwa wakati wa kuzungusha filamu tu.

Badiliko la pili lilihusu umbali. Isolette II haina kipima umbali, na kazi ya mama ni mita 1.5. Kwa lenzi ya mm 85 katika umbali huo, f/4.5 inatoa eneo kali la sentimita 14 kwa jumla, f/8 sentimita 25. Jicho la kukisia linaweza kukosea zaidi ya hapo bila kujua. Tulifunga kwenye kishikio cha mkanda wa kamera kamba isiyovutika yenye mafundo matatu, mita 1, 1.5 na 2, yaliyopimwa kutoka kwenye usawa wa filamu. Mteja anashika fundo shavuni pake, mama anarudi hadi kamba inyooke, fundo linaachiwa, picha inapigwa. Wateja wanapenda; wanasimama wima wenyewe.

Matokeo

Filamu ya kwanza, ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea nuru), ilipigwa juani kwa kanuni ya jua kali: f/16 na 1/100 ya sekunde. Uzio wa shule ulirudiwa kwa makusudi. Safari hii nguzo ya umbali uliowekwa ilikuwa kali na nyingine zikalainika kwa mpangilio mbele na nyuma yake, kama inavyotakiwa. Wingu la kola nyeupe liliondoka. Kwa f/8 katikati ni pazuri sana, kwa f/4.5 pembe ni laini, na hiyo ni tabia ya lenzi ya vioo vitatu.

Tatizo moja lilijitokeza ambalo halikuwepo mwanzo. Baadhi ya picha zilikuwa laini katikati na kali pembeni. Mvukuto mpya unaziba hewa kuliko ule wa vitundu, na mama alikuwa na desturi ya kuzungusha filamu kamera ikiwa imefungwa, halafu kuifyatua mlango kwa haraka. Mvukuto unapofunguka ghafla unavuta hewa, na filamu inavutwa mbele kutoka kwenye bamba lake. Tiba ni mpangilio wa mikono: fungua kwanza, taratibu, ukiuzuia mlango kwa kidole gumba, ndipo uzungushe filamu ili ikazwe upya. Tangu abadilishe hivyo halijarudi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kusoma negativu kabla ya kufungua kamera. Picha ya uzio ilitutenga na kurekebisha fokasi bure, jambo ambalo lingemeza siku nyingi na kuishia palepale. La pili ni kopo la filamu. Fundi wa kwanza alifanya uamuzi mbaya wa kuchanganya vioo, lakini alimrudishia mteja vipande vyake vyote, na namheshimu kwa hilo. Wengi wangevitupa, na leo tungekuwa tunatafuta Apotar nyingine.

Uamuzi mgumu ulikuwa kutokuichinja Solinar. Ilikuwa mezani, ilikuwa bora, na mwenye kamera aliitaka. Katika kazi hii spea inavutia kwa sababu inaingia. Nyuzi zikikubali mkono unaona kazi imekwisha, wakati nuru bado haijaulizwa. Hesabu ya sentimita 64 inachukua dakika moja, na naifundisha kwa kila anayekuja na mzoga mkononi.

Kilichoshindwa: mvukuto wa ngozi, kwa sababu unene haukuzidishwa kwa idadi ya kuta kabla ya kukata. Na upande wa gharama, ukweli ni kwamba muda ulioingia kwenye lenzi na mvukuto haulipiki kwa bei ya kawaida ya ufundi. Mama alishiriki kazi yenyewe, alikata mbavu zote za karatasi kwa mkono wake, na bila hivyo kazi isingewezekana kifedha. Fundi anayetaka kuishi kwa kamera hizi atengeneze kiolezo cha mvukuto mara moja na kukitunza.

Jambo ambalo bado liko njiani ni kuvu. Ukarabati hauzuii unyevu wa pwani. Mfuko wa ngozi wa zamani tuliuondoa, kwa sababu ngozi na giza ndivyo vilivyoilea kuvu ya Nettar. Kamera sasa inakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika jeli, ambavyo vinakaushwa vinapolowa, na inatumiwa kila wiki, maana mwanga wa jua ni sehemu ya tiba.

Solinar nayo ilifunguliwa grisi yake ya kijani kwa njia ile ile, ikasafishwa, na imefungwa nzima pamoja na shata yake kwenye boksi. Inasubiri mwili. Mama amepewa kalipa ya plastiki na kipimo kimoja cha kukagua kila Isolette atakayoikuta mnadani au kabatini kwa watu: ifungue mlango, fungua mgongo, pima kutoka reli za filamu hadi kibao kinachoshika shata, kisha linganisha na kamera yake. Ikiwa fupi kwa karibu mm 10, hata kama lenzi yake imevunjika na shata haipo, anunue.